Laurean Kasika na Behewa la Gadi

Dola mia tisa za yule mzungu wa Plymouth aliyetaka kununua mabehewa madogo ya marehemu zimekataliwa, na zimekataliwa mbele za watu, juzi jioni, sebuleni kwa marehemu huko Coon Rapids, pale mwenyekiti wa kamati ya mazishi, Ndugu Naftali, aliposema, "Dada Redempta, hela ya kusafirisha mwili haijatimia, mtu anayataka yote kumi na mawili leo hii, kwa nini tumkatalie?" na Redempta, mdogo wake marehemu, akamjibu, "Kaka, kabla hujauza, hesabu. Mezani yako kumi na moja, na lile lisiloonekana ndilo halina bei." Sauti zilipanda, chai ikapoa, wengine wakaanza kutafuta makoti yao. Familia haioni sababu ya kulifunika jambo hili, maana bila behewa hilo historia ya Laurean haisomeki.

Marehemu Laurean Kasika alizaliwa tarehe 3 Machi 1962 mjini Tabora, mtoto wa kwanza wa Mzee Kasika, gadi, yaani msimamizi, wa treni ya mizigo kati ya Tabora na Kigoma, na Mama Laurean, ambaye yuko hai na anamsubiri mwanawe. Gadi alikaa behewa la mwisho kabisa, lenye kibaraza kwa nyuma na jiko dogo la mkaa, na kwa kuwa nyumba yao ilipakana na reli, watoto wa jirani walikimbilia kutazama kichwa cha treni, ila Laurean na Redempta walisubiri mkia, wakamwona baba yao amesimama kibarazani, ananyanyua taa, anapotea.

Alisoma shule ya msingi na sekondari palepale Tabora, akamaliza mwaka 1981, akafanya kazi karakana ya reli hadi Agosti 1989, alipokuja Minnesota kusoma ufundi wa mitambo, akahitimu mwaka 1993, akaajiriwa kiwandani Plymouth, kukagua kwa hadubini mirija ya hospitali iliyo myembamba kama uzi, kazi aliyoifanya hadi afya ilipomkatalia. Mwaka 1996 alifunga ndoa na Maureen, wakaishi Saint Louis Park, wakajaliwa binti mmoja, Tulia, mwaka 1999. Ndoa ilivunjika mwaka 2009, na hapa familia haitafuti wa kumlaumu.

Ndipo alipohamia Coon Rapids, chumba kimoja na sebule, akaanza kutengeneza mifano midogo ya mabehewa ya gadi, ambayo Wamarekani wanayaita kabusi, kila moja likienea kiganjani. Hakufundishwa na mtu, aliharibu mengi kwanza. Alipuliza rangi tabaka juu ya tabaka, akakunja waya wa shaba kwa kibanio ukawa vishikio vya ngazi, akapaka unga wa chaki gurudumuni ili uonekane kama kutu, akaacha masizi kidogo pale bomba la jiko linapotokea kwenye paa. Ndani aliweka meza, birika na kiti cha gadi, kisha akafunika paa, kisionekane hata kimoja. Hakuwa na kichwa cha treni hata kimoja, wala reli. Aliyemuuliza yatavutwa na nini alijibiwa kwamba wanaovuta wanajulikana tayari, wa mkiani ndio hawatazamwi.

Kwenye sherehe zetu alitaniwa. "Lauri, treni yako inafika Kigoma lini?" alisema mmoja, mwingine akadakia, "Mwacheni, bado anatafuta abiria," nasi tukacheka, naye akacheka, akachukua koti lake kabla chakula hakijapakuliwa. Baada ya hapo alituma mchango wake, yeye mwenyewe asije. Tulisema anaringa. Hakuna aliyekwenda kugonga mlango wake.

Mwaka 2022 alianza behewa la baba yake. Halikuuzwa popote, ikabidi alikate na kuliunga mwenyewe, na kwa kuwa picha hazikuwepo alimpigia mama yake kila Jumapili kumuuliza: madirisha mangapi, ngazi upande gani, rangi gani. Mama akamwambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa namtazama baba yako, rangi sikuitazama." Akalipaka nyekundu ya udongo, mama akasema bado, akalikwangua, akalipaka tena imepauka zaidi, na Desemba iliyopita mama alipoliona kwenye simu alisema, "Ndilo. Lilete." Laurean akaahidi kulipeleka kwa mkono wake Pasaka.

Figo zilikuwa zimeanza kumsumbua tangu mwaka 2021, akawa anakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, akiendesha gari mwenyewe kwenda na kurudi. Jumanne tarehe 14 Januari 2025, jirani yake Susan aliona magari yote yameshafutwa theluji isipokuwa la Laurean, akagonga, akamwita mwenye funguo. Alikuwa amefariki kitini, taa ya mezani inawaka.

Msiba ulijaza nyumba watu ambao hawakuwahi kuiona. Watoto wakalia, na mama zao, kwa nia njema kabisa, wakawashushia mabehewa kutoka kwenye rafu wakidhani ni ya kuchezea. Vishikio vilikatika, ngazi zikapinda, na Redempta, aliyesafiri kutoka Houston, alikesha akizinyoosha kwa kibanio cha kaka yake. Yalirudi yote isipokuwa hilo moja: jekundu lililopauka, paa la kijivu, na kibarazani kijimtu kidogo kilichonyanyua taa.

Mama alipiga simu jana. Hakuuliza jeneza linafika lini, alishaambiwa. Aliuliza, "Na kale kabehewa kanakuja naye?" Simu ilikuwa na Redempta, akamtafsiria Tulia swali hilo. Tulia, ambaye atausindikiza mwili hadi Tabora Jumanne, alisema kwa Kiingereza chake kwamba katika vitu vya baba yake hataki kingine, hicho tu, akakiweke mkononi mwa bibi yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Susan aliyegonga mlango, wafanyakazi wenzake wa Plymouth, Padre, na kamati chini ya Ndugu Naftali, ambaye tumegombana naye na bado tunamheshimu. Kaka Laurean, pumzika, kwa amani ambayo hapa hatukukupa.

Hatumtafuti mtoto aliyelichukua, wala hatutamuuliza mzazi swali lolote. Liko kwenye mfuko wa koti, au chini ya kiti cha gari, au kwenye kapu la midoli nyumbani kwa mmoja wenu. Gari la maiti linaondoka Jumanne saa nne asubuhi. Behewa la Mzee Kasika lirudishwe kabla ya hapo.