Mama wa Mlango wa Kijani

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya fundi viatu, na mimi si mtu wa kijiweni, nina mtoto wa miezi saba mgongoni, lakini asubuhi ile nilikwenda nikasimama mbele ya vikombe vyao vya kahawa, kwa sababu mtu karekodi sauti akaitupa kwenye grupu la mtaa kwamba mama wa mlango wa kijani anawanywesha watoto wa watu dawa ya kikohozi ili walale, na mlango wa kijani ni wangu, na ninalea watoto watano wa akina mama wanaokwenda kazini, na siku hiyo hakuletwa hata mmoja.

— Hiyo ni kashfa, shemeji! Fundi aligonga soli. — Nenda mahakamani!

— Kashfa ya nani? akadakia Wakili, ambaye sheria hakuisomea, anatoa fotokopi nje ya mahakama. — Kataja mlango. Mlango una heshima gani ya kuvunjwa?

— Mlango wa kijani ni mmoja mtaa mzima! Kila mtu kajua ni mimi!

— Basi upake nyekundu leo leo, sauti ikose mtu. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Sasa hapo si umemwambia afichue?

— Wewe Betri, kachaji simu za watu.

— Nachaji, na akili pia ninayo. Mwenye kesi ni mwenye nyumba, mlango ni wake. Na waliotengeneza rangi nao wamechafuliwa, washtaki!

— Jamani! nikapiga kelele hadi mtoto akaamka. — Sijawahi kumpa mtoto wa mtu hata kidonge bila kumpigia mama yake! Mnanichekea jina langu?

Dada mmoja tusiyemjua alikuwa amefika, kiatu kilichokatika kisigino mkononi.

— Samahanini, akasema. — Hiyo sauti, nani kati yenu hakuisambaza? Maana anayeusambaza uongo naye anashtakiwa.

Wakili akakitazama kikombe. Betri akawa anahesabu waya.

— Mimi nilimtumia binti yangu tu, fundi akasema mwishowe, hanitazami. — Achukue tahadhari.

Binti yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipigia simu alfajiri ile, kwamba mtoto wake haji tena.