Mtu Mmoja, Gazeti Moja: Mama Filda Acan na Miaka Ishirini na Saba ya Kuuza Habari

Ijumaa ya tarehe 28 Juni 2019, Mama Filda Acan, mkuu wa mauzo wa gazeti letu la Jirani, anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kazi. Wasomaji wengi hawajui hata jina lake, maana hakuandika habari hata moja. Lakini kama umewahi kununua Jirani katika soko la Kalerwe, Luzira au kwenye lango la kambi ya polisi, basi nakala yako ilipitia mikononi mwake.

Mama Filda alizaliwa kambini, binti wa koplo wa polisi kutoka Gulu, akakulia katika Kiswahili cha foleni ya bomba la maji. Vita vilipokwisha mwaka 1986, watu wengi wa Kampala walikichukia Kiswahili, kwa kuwa walikuwa wamezoea kukisikia kwenye vizuizi vya barabarani, msemaji akiwa na bunduki. Yeye hakuona haya. “Hii lugha ndiyo mama yangu alinibembeleza nayo,” alikuwa akisema. “Bunduki iliikuta tu njiani.”

Mzee Zubairi alipoanzisha Jirani mwaka 1992, alimwomba Mama Filda, aliyekuwa akiuza nyanya Kalerwe, aweke nakala chache kwenye meza yake. Ziliisha kabla ya nyanya. Alikuwa akisoma kichwa cha habari kwa sauti, anaendelea aya moja, kisha ananyamaza. Ukimuuliza ikawaje, anakujibu, “Mwisho wake iko ndani. Lipa.” Sajenti mmoja aliyezoea kusoma amesimama, bila kununua, alimkuta siku moja amelikunja gazeti na kulikalia. Sajenti alicheka mpaka akatoa pesa, na tangu siku hiyo akawa mteja wa kila juma.

Hayo ni ya kuchekesha. Ila wasifu huu ungekuwa na pengo kubwa kama usingesimulia Ijumaa moja ya mwezi Mei mwaka 2001.

Tangu mapema mwaka ule watoto wa shule moja ya Luzira, na wengine wa kambini, walikuwa wakiugua tumbo na kutapika bila sababu kujulikana. Mwandishi wetu Benedicte Kavugho, aliyekuwa amefika karibuni tu kutoka Butembo, aliufuata unga kutoka kwenye masufuria yao hadi kwenye kinu kimoja karibu na Bugolobi. Vibarua wa pale walimweleza kwamba mahindi yaliyoota ukungu yalioshwa, yakaanikwa, yakachanganywa na mazima. Kavugho hakuandika kwa maneno yao peke yake. Aliupeleka unga maabara, majibu yakaja, akaupeleka tena. Kazi hiyo ilimchukua majuma mengi, na nauli zake na ada ya maabara zilitoka kwenye gazeti wakati ambapo mishahara yetu wenyewe ilikuwa imechelewa.

Shida ilikuwa moja: ukurasa wetu wote wa nyuma ulikuwa tangazo la kinu hichohicho. Mzee Zubairi alijua kitakachofuata. Akaichapa habari hiyo.

Asubuhi ile magazeti yalipokuwa yakitolewa kwenye kiwanda cha kuchapa, pikapu nyeupe ilisimama langoni. Akashuka bwana nadhifu aliyejitambulisha kwa jina la Opio. Alimsalimia Mzee Zubairi kwa heshima zote, kisha akasema, “Mzee, mimi nachukua yote. Nalipa sasa hivi, na hakuna hata moja itarudi.”

Mwenye mtambo wa kuchapa alikuwa amesimama palepale akisubiri deni lake. Sisi wafanyakazi tulitazama chini. Nani angemlaumu mzee? Gazeti ni bidhaa, na mnunuzi amekuja na fedha mkononi.

Mama Filda alikuwa akifunga matita kwa kamba, wala hakuacha kufunga. “Bosi,” alisema, “huyu mutu hanunui gazeti. Huyu ananunua macho ya watu. Saa hii kuna watoto wanawekewa uji ya hiyo unga.”

“Mama, wewe kazi yako ni kuuza,” Opio alimwambia. “Basi uza.”

“Nauza. Mutu moja, gazeti moja. Chukua yako, lipa, usome.”

Halafu Mzee Zubairi akatikisa kichwa kukubali, na matita yakaanza kupakiwa. Opio alilipia nakala yake moja, akaingia garini, akaanza kupiga simu.

Tulidhani yamekwisha. Mama Filda alipofika Kalerwe alikuta vijana wa Opio wakipita meza kwa meza, wakinunua tita zima la kila muuzaji. Muuzaji wetu Bénit, mkimbizi kutoka Bukavu, alikuwa na furaha ya kufunga kazi mapema.

“Mama, kila wiki minarudisha nusu,” alijitetea. “Leo mutu amechukua yote. Nimukatalie kwa sababu gani?”

Mama Filda hakugomba. Alifungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye picha ya gunia la unga wa kinu kile. Bénit aliitazama. Kisha akageuka polepole kutazama nyuma ya meza yake, ambako mkewe, Reine, alikuwa akikoroga uji wa kuuza. Gunia lilelile lilikuwa limeegemea ukuta.

“Reine!” alipiga kelele. “Zima moto! Usimupatie mutu yeyote!”

Baada ya hapo Bénit mwenyewe ndiye aliyekimbia kuwaonya wauzaji wengine. Kijana mmoja alimpora Mama Filda tita lake, kamba ikakatika, magazeti yakamwagika kwenye tope. Wanawake wa sokoni waliacha vibanda vyao, wakayaokota na kuyasoma yakiwa na matope yake. Kiongozi wa vijana hao alimsogelea Mama Filda sikioni: “Tunajua unalala wapi.”

“Kambi ya polisi,” alimjibu kwa sauti ya soko zima. “Karibu.”



Kilichotuokoa siku ile ni desturi yake ya zamani: aliyelipa mwezi mzima mbele hupelekewa gazeti kwanza, kabla ya meza yoyote. Kwa hiyo wakati pikapu ikizunguka sokoni, Jirani lilikuwa limekwisha fika Luzira. Mwalimu mkuu wa shule ile, Bi. Concy Abwola, alisoma mistari michache tu, akatoka mbio hadi jikoni na kuipindua sufuria ya shule. Kambini hatukuwahi wote. Nyumba kadhaa zilikuwa zimekwisha kunywa uji, na mtoto wa Konstebo Komakech alilazwa siku nyingi, wazazi wake wakikata tamaa na kupata tumaini tena. Namshukuru Mungu, alirudi nyumbani. Wakaguzi walikuja, kinu kikafungwa.

Ukurasa wetu wa nyuma ukabaki mtupu. Watangazaji wengine wakaogopa, na mwenye mtambo akakataa kuchapa kwa mkopo. Mzee Zubairi alitukusanya akatuambia kwamba huenda Ijumaa inayofuata hakutakuwa na gazeti.

Mama Filda alivaa viatu akaenda kwa wasomaji. Hakuomba msaada. Kambini, sokoni, kwenye kanisa la Wakongo, aliongea namna ileile: “Habari ya unga mulinunua kwa pesa kidogo, lakini Kavugho aliitafuta mpaka kiatu ikatoboka. Akilala njaa, nani atawaangalizia sufuria? Mulipe mwezi mbele.”

“Mimi nitaazima gazeti kwa mwenzangu,” mmoja alisema.

“Na mwenzako akisema vile vile?”

Wengine waliguna wakaondoka. Wengi walilipa, akiwemo Komakech, aliyekuwa bado akienda hospitali kila siku. Ijumaa iliyofuata Jirani lilitoka jembamba kama kipeperushi, bila tangazo hata moja, na hakuna nakala iliyorudi. Tangu hapo mhimili wetu umekuwa wasomaji wanaolipa mbele, na aliyewajenga ni yeye. Wauzaji wote wa leo, kuanzia Bénit, wamefundwa naye.

Juma lililopita wakurugenzi walitaka kumpa zawadi ya kuagia: gazeti la bure kila Ijumaa, maisha yake yote. Alishukuru sana, akakataa, akalipia mwaka mzima palepale.

“Nikisoma ya bure,” alisema, “siku mukiandika upuzi nitawagombeza na mdomo gani?”

Mama Filda, asante kwa miguu yako, kwa ukali wako, na kwa Ijumaa ile. Mungu akupe afya, usingizi mnono na wajukuu wanaosikia. Na tukiandika upuzi, usituhurumie: umelipa.

Bienfait Mugisho
Kwa niaba ya wafanyakazi wa Jirani