Miwani Moja Chini ya Taa ya Tembo

FAHARDINE: Haloo? Duka la Mzee Athoumani, Nosy Be. Nani mwenzangu?

RABIATA: Haloo— haloo, Nosy Be? Niitie mdogo wangu, Fahardine, yule fundi umeme.

FAHARDINE: Ndiye mimi, dada Rabiata. Salaam aleikum.

RABIATA: Aleikum salaam. Nipo posta ya Mahajanga, nimepanga foleni tangu asubuhi, kwa hiyo salamu tufupishe. Uko peke yako?

FAHARDINE: Yupo Mzee Athoumani, anapima mchele.

RABIATA: Basi tusitoke kwenye Kiswahili cha marehemu bibi. Ukiteleza kwenye Kimalagasi au Kingazija ataelewa. Sikiliza. Watu wa Laïla wako barazani kwangu, Tanambao. Baba, mama na shangazi. Wanataka jibu leo. Unamwoa binti yao au humwoi?

FAHARDINE: Leo? (mkwaruzo) Dada, kwanza nikueleze habari za tembo—

RABIATA: Fahardine.

FAHARDINE: Lile kreti nililokutumia lilifika?

RABIATA: Lilifika. Uliniambia ni tembo tamu la mnazi, halichachi tena, nimpe hata imamu. Siku ya pili vizibo vikaanza kupiga mizinga. Kimoja kilimpata shemeji yako yuko kwenye tahiyatu.

FAHARDINE: Alivunja sala?

RABIATA: Hakuvunja, ila salamu aliitoa kwa hasira. Nilipoonja, ulevi mtupu. Nikamwaga nyuma ya nyumba, kuku wa jirani wakayumba mpaka magharibi.

FAHARDINE: Kosa lilikuwa la kioo, dada. Ile taa ya zambarau, ambayo yule Mfaransa wa maabara alimuuzia Mzee Athoumani alipofungasha mizigo baada ya uhuru, inaua chachu kweli. Lakini mwanga wake haupiti kwenye kioo. Sisi tuliziangaza chupa zikiwa zimeshafungwa.

RABIATA: Kwa hiyo mlikuwa mnaziangazia chupa.

FAHARDINE: Usiku kucha. Chachu humo ndani inaendelea na sherehe zake. Sasa tunalimimina kwenye sinia pana, kina chake kama chai kwenye sahani, taa inaliangaza moja kwa moja, tunalitikisa polepole. Likishatulia kwenye utamu wake halisogei tena. Lina wiki sasa, tamu vilevile.

RABIATA: Tunalitikisa. Wewe na nani?

FAHARDINE: (mkwaruzo) Laini inakatika, dada.

RABIATA: Haijakatika, nasikia unavyopumua. Jirani yangu Mama Echata kashuka jana kutoka huko. Anasema macho yamekuvimba, unatembea ukipapasa kuta.

FAHARDINE: Ni ule mwanga. Ukikaa nao, macho yanawaka kama yametiwa mchanga. Daktari kasema yatapona.

RABIATA: Anasema pia binti wa huyo mzee, Hayrat, kavimba macho vilevile. Baba yake anawaambia watu ni upepo.

FAHARDINE: Upepo upo, dada. Tangu juzi—

RABIATA: Upepo ukachagua watu wawili kisiwa kizima? Kwani hamkuwa na miwani?

FAHARDINE: Ilikuwepo moja. Nyeusi, ilikuja na taa.

RABIATA: Nani aliivaa?

FAHARDINE: Hakuna.

RABIATA: Miwani ipo, macho yanaungua, na hakuna aliyeivaa?

FAHARDINE: Nilimpa. Akanirudishia, akasema mimi ndiye niliye karibu na taa. Nikampa tena. Akanirudishia tena. Tembo limekwisha, miwani iko katikati ya meza.

RABIATA: Ngoja. Nafikiria tu. Shemeji yako hajawahi kunirudishia hata mwavuli. Unampenda?

FAHARDINE: Nampenda sana. Nimetaka kukwambia tangu Ramadhani, nikaogopa kukuaibisha.

RABIATA: Baba yake anajua?

FAHARDINE: Anajua binti yake alikuwa akitikisa tembo na wenzake. Hajui wenzake waliondoka mapema.

RABIATA: Ehee. Hebu—

FAHARDINE: Ngoja, dada. Mzee ameacha kupima mchele.

RABIATA: Muulize kwa Kimalagasi kama anataka simu yake.

FAHARDINE: (sauti za mbali) Dada. Amenijibu kwa Kiswahili.

RABIATA: Kiswahili gani?

FAHARDINE: Cha Unguja. Anasema alikuwa kwenye biashara ya karafuu huko mimi sijazaliwa.

RABIATA: Yaa Rabbi. Amesikia kuanzia wapi?

FAHARDINE: Anasema kuanzia kwenye kuku.

RABIATA: Basi hapana cha kuficha. Mwambie una mtu wa kukuposea. Yuko posta, amejitanda shiromani yake ya heshima, na posa anaileta sasa hivi kwa mdomo. Wazee watakuja kwa boti inayofuata.

FAHARDINE: Amesikia, dada, unapiga kelele. Na watu wa Laïla?

RABIATA: Nitawaomba radhi. Watanisema, nami nitasemwa, yataisha. Anasemaje huyo mzee?

FAHARDINE: Anasema mwenye neno si yeye. Anamwita Hayrat.

RABIATA: Opereta ananinyooshea kidole. Fanyeni upesi.

FAHARDINE: Anakuja. Kagonga gunia, maskini, naye haoni. Mzee anamuuliza, dada. Hapa hapa, mbele yangu. Anamuuliza kama ameridhia nimwoe.

RABIATA: Anajibu nini?

FAHARDINE: (kimya)

RABIATA: Haloo? Fahardine? Anajibu nini?

FAHARDINE: Hajibu.

RABIATA: Amekataa?

FAHARDINE: Hajasema hapana. Hajasema chochote. Nadhani ameinama, sioni vizuri.

RABIATA: Subiri. Hicho kimya ni cha simu au ni chake?

FAHARDINE: Ni chake, dada. Mzee karudi kwenye mchele, nasikia anaumwaga chini.

RABIATA: Mwanamwali akiulizwa na baba yake akanyamaza, ameridhia. Mtu asimsemeshe tena, umesikia? Mwacheni anyamaze hivyo hiv— (laini inakatika)