Namba Thelathini na Nane za Papa Cirhuza

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Papa Cirhuza Bulonza wa Kadutu, hapa Bukavu, tuliyemzika juzi. Papa Cirhuza, mtu wa phonie, ile redio ya kuitana kutoka porini. Miaka kumi na minane alikwenda msitu wa Shabunda na watafiti wa mawe, watu wa kutafuta madini. Kila kiangazi, miezi minne. Tunasema kiangazi, lakini mvua ya Shabunda haina kalenda.

Kazi yenyewe mnaijua? Watu walikata njia moja nyoofu kwa mapanga. Penye kijito walisimama, wakachimba changarawe, wakaiosha kwenye karai mpaka ukabaki mchanga mweusi wa kujaa kiganja. Mchanga ukaingia katika mfuko wa kitambaa, mfuko ukapewa namba ya kijito chake. Jioni nguo zilianikwa juu ya moto, na asubuhi zilivaliwa bado mbichi, zinanuka moshi. Papa Cirhuza alilalamikia siafu tu. Alisema wanaijua njia ya kitanda chake.

Saa moja asubuhi ilikuwa zamu ya phonie. Robo saa na ofisi ya Bukavu, basi. Kanuni ilikuwa moja: namba za mifuko kwanza, habari za nyumbani mwisho. Namba ikipotea, mtu alirudi kutembea kutwa nzima kuufuata mchanga uleule. Papa Cirhuza ndiye aliyeisimamia kanuni hiyo, na hakuwa mtu wa kupindisha.

Mwaka wa 1974 binti yake Virginie, wa miaka mitano, alishikwa na surua. Baba alipata habari Jumatatu. Alhamisi mkewe, maman Adolphine, alimbeba mtoto mgongoni mpaka ofisini, azungumze na baba yake.

Batri ya phonie ilikuwa inaisha. Esansi, petroli ya mashine ya kuichajia, ilikuwa ng'ambo ya mto uliofurika. Papa Edouard, aliyeibeba batri hiyo kichwani safari nzima, anakumbuka:

"Mutu wa Bukavu alimuuliza, bibi yako iko hapa na mutoto, tuanze nabo ao na namba? Nikamuambia, Cirhuza, anza na mutoto. Akasema, wenzangu bote banangoja habari ya kwabo, mimi nitajipitisha mbele namna gani?"

Namba zilikuwa thelathini na nane. Alizisoma zote, kila moja mara mbili. Thelathini na nane, mara mbili mbili. Alipomaliza akasema, "Nipatie Adolphine." Taa ya phonie ikazimika.

Aliipigapiga mashine, akaibembeleza, akaitukana. Huko Bukavu walidhani bado anasikia. Wakamwambia mtoto aseme, naye akasema.

Saa ileile Papa Cirhuza akaondoka kwa miguu. Mto Ulindi ulimzuia siku mbili. Mwenye mtumbwi alikataa kuvuka, na alikuwa na haki. Siku mbili alikaa ukingoni akitazama maji, mtu mzima asiye na la kufanya. Inaniuma kulisimulia hili. Alifika Kadutu siku ya nane. Virginie alikuwa amezikwa tangu Jumapili.

Aliingia na chupa ya asali ya pori mkononi, aliyoinunua njiani, akaiweka mezani. Akauliza mtoto alisema nini kwenye phonie. Maman Adolphine akajibu, "Alikusalimia." Miaka kumi na mitatu aliuliza tena na tena, na jibu likabaki lile lile.

Msimu uliofuata aligeuza kanuni. Habari za nyumbani kwanza, namba mwisho. Mkubwa wa kazi alinung'unika. Papa Cirhuza akamwambia basi aje aishike phonie yeye mwenyewe.

Jana, kwenye matanga, maman Adolphine alinishika mkono.

"Useme hii ku redio," aliniambia. "Mutoto alisema, Papa, uniletee asali. Ni ile tu. Na yeye akaingia nayo mu mukono. Ningemuambia namna gani?"

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole maman Adolphine, watoto, na wote waliofanya kazi na marehemu. Sisi tuliobaki, kila mtu ajiulize nyumbani kwake, ni nani anayengoja mpaka namba ziishe. Kikundi cha watafiti kiko Shabunda hata sasa. Kesho saa moja asubuhi watawasha phonie, na habari ya kwanza kusomwa, kabla ya namba, itakuwa hii ya msiba.