Winifred Askew na Neno la Kujifanya

Marehemu Winifred Askew alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 mjini Burslem, Staffordshire, binti pekee wa mfinyanzi Josiah Tunnicliffe na mkewe Edna. Alikulia penye moshi wa matanuri, na kabla ya kujua kusoma alikwisha jua kubandika mikono ya vikombe.

Shuleni alikipenda Kilatini kuliko chakula. Mwaka 1960 aliajiriwa na wachapishaji wa kamusi huko kusini, kazi yake kutafuta maneno yalikotoka. Siku moja akapewa kitenzi *feign*, yaani kujifanya: kujitia mgonjwa hali u mzima, kujitia kucheka hali moyo unalia. Alikifuata nyuma hadi kwa Wafaransa wa kale, kisha hadi kwa Warumi, akakuta kwamba kwao kilikuwa kuumba kitu kwa mikono, kama mtu afinyangavyo udongo. Uongo ulikuja baadaye. Alipanda treni kwenda kumwambia baba yake.

"Kumbe, baba, kujifanya kumetoka kwenye kazi kama yako."

Mzee alikuwa anakanda udongo, wala hakuinua kichwa. "Udongo unaweza kukuficha ufa leo, mwanangu. Ukiingia tanurini utasema wenyewe."

Winifred alikisimulia kisa hicho maisha yake yote, akicheka.

Tarehe 6 Juni 1964 aliolewa na Leonard Askew, mwalimu wa jiografia, wakajaliwa binti, Rosalind. Nyumbani kwao adabu ilikuwa ile ile ya kwetu sote: ukiulizwa hali, huna la kulalamika, chai inamiminwa, yamekwisha.

Mwaka jana tumbo lilianza kumsumbua. Alimficha Leonard, asije akamkosesha usingizi. Leonard naye alikwisha mwona ameshikilia ukingo wa sinki, jasho likimtoka, akajifanya hakuona, asije akamvunjia heshima. Kila asubuhi yakawa yale yale.

"Umeamkaje, mpenzi?"

"Sina la kulalamika."

"Vizuri."

Naye Leonard akageukia birika.

Alipofikishwa hospitali, ugonjwa ulikuwa umekwisha enea. Alifariki tarehe 2 Novemba 2019, wakiwa bado hawajaambiana lolote la kweli. Leonard anajuta sana, na ndiye aliyetaka hili lisomwe waziwazi. Mkewe aliujua mzizi wa neno lile kuliko sisi sote, na bado lilimla. Wangeweza kuogopa pamoja. Waliogopa kila mtu kivyake, chini ya paa moja.

Ameacha mume, binti yake Rosalind, mjukuu wake Clement, na kaka yake Arthur. Baada ya mazishi kutakuwa na chai ukumbini. Mtamwuliza Leonard hali yake, naye kwa mazoea atasema hana la kulalamika. Tafadhalini, msigeukie birika.

Mungu ampe Winifred amani, na safari hii iwe ya kweli.