Pilau ya Bi Mwanamina Mita Mia Nne Chini ya Bahari

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita jikoni mwa meli yetu ya utafiti, Bi Mwanamina Badru wa Mbwara anastaafu. Mimi, mtunza stoo, nimefika mpaka Durban na nimeona mengi. Lakini mama huyu amenishtua mara mbili, na mshtuko wa kwanza haujanitoka.

Binadamu alianza kuzama baharini ndani ya vyumba vya mbao vyenye umbo la kengele. Mwaka 1960 wawili wakafika kina cha karibu kilomita kumi na moja. Hayo utayasoma popote. Hakuna palipoandikwa kwamba mpishi wa Rufiji alishuka na pilau.

Siku moja tulikuwa nje ya delta ya Rufiji. Mtaalamu Hemedy, aliyepaswa kushuka na rubani Abdulhalim kwenye nyambizi yetu ndogo, aliamka na homa. Rubani haruhusiwi kushuka peke yake, na nyambizi ile hutaka uzito uleule iliopangiwa. Nikapima watu kwa mizani ya magunia. Wa kwanza kujitolea nilikuwa mimi, mjue hilo, nikaonekana mwepesi. Bi Mwanamina akalingana na Hemedy kilo kwa kilo. “Mizani yako inanizulia, Kheri,” akasema, lakini akaingia.

Sasa nani kwao husafiri bila chakula? Baada ya kupimwa, alificha chini ya kanga hotpoti la pilau na dumu la chai. Nyambizi ikashuka kwa kishindo, ikajikita topeni. Abdulhalim akaachia vyuma vya uzito. Haikuinuka.

Sitaha nzima tukaizunguka simu ya chini ya maji. Ikakoroma, ni Abdulhalim: “Kaka, kumbe kuna pilau humu!” Nami, kwa usomi wangu wa darasa la saba, nikajibu: “Basi kuleni, mpunguze uzito!” Wakala mpaka ukoko. Ndipo Hemedy, akitetemeka ndani ya blanketi, akauliza pilau hiyo imekwenda wapi kama si matumboni mwao. Hewa yao inakwisha, mimi nimewashibisha!

Bi Mwanamina akamgeukia rubani: “Mwanangu, mtumbwi ukinasa kwenye tope kwenu hufanyaje? Hama huku, hama kule!” Wakayumba na matumbo yao mazito, tope likaachia, nyambizi ikachomoka. Alipotoka aliuliza nani amebandika wali wa jioni.

Mshtuko wa pili ni wa wiki hii. Tulimchangia friji, akaikataa. Anataka kushuka tena! Kumbe siku ile hakuchungulia dirishani hata mara moja. Hata pilau aliila amefumba macho, anasoma dua. Nahodha amekubali.

Asante kwa kila sahani, dada. Nenda ukatazame, kisha urudi Mbwara ukapumzike kwa afya na furaha. Ila safari hii nakupima mlangoni mwa nyambizi, wewe na hotpoti lako.