Mistari Minne ya Mwakirunge: Maisha ya Pascalia Dhahabu Kiponda, 1971–2025

Leo, Jumamosi tarehe 28 Juni 2025, tumekuja Mwakirunge kumsindikiza Pascalia Dhahabu Kiponda, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kiponda Ngowa na Bi Dama. Alizaliwa Mtongwe, Likoni, tarehe 14 Agosti 1971.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Mtongwe, akamaliza sekondari mwaka 1989, na mwaka 1993 akapata stashahada ya kilimo. Baba yake alitaka awe mwalimu. Yeye alijibu kwamba walimu wapo tele, wa kumuuliza mhindi maswali ndio hawapo.

Mwaka 1995 aliajiriwa katika kituo kimoja cha utafiti wa mbegu huku pwani. Kazi yake ilikuwa kuhesabu matawi ya mbelewele, lile ua la kiume linalochomoza kileleni mwa mhindi. Mbelewele yenye matawi mengi hutoa chavua tele, ule unga wa kuzalishia, lakini hula nguvu ya mmea na kuyatilia majani kivuli, hata hindi likawa dogo. Yenye matawi mawili matatu huliacha hindi linenepe, ila mwaka wa joto kali chavua huisha mapema na mkulima huvuna mahindi yenye mapengo. Dhahabu alitafuta ya katikati, ya matawi saba hivi. Haikuwa kazi rahisi, maana idadi hiyo haiamuliwi na jeni moja. Ni jeni nyingi, kila moja ikivutia kwake, na mzazi mwenye matawi saba aweza kuzaa watoto wa matatu na wa ishirini. Dawa yake ni kupanda, kuchagua, na kupanda tena.

Mwaka 1997, akisafiri na sanduku la mbelewele kavu, alizuiwa na mpakiaji mizigo wa uwanja wa ndege, Kaviha Munga.

“Dada, nyasi hizi wazipeleka wapi?”

“Si nyasi, kaka. Ni wanaume hawa. Wabebe polepole.”

Kaviha alilibeba sanduku lile kwa mikono miwili mpaka kwenye ndege. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998, wakaishi Port Reitz, wakajaliwa Ruth na Brian. Shamba la wakwe zake hapa Mwakirunge akaligeuza la majaribio, kwa ruhusa ya kituo.

Mwezi Mei 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Daktari alitaka kumpasua Jumatatu tarehe 30. Wiki hiyohiyo mihindi kumi na miwili, tunda la miaka saba, ilikuwa inachanua, na mashamba yote ya jirani yamechanua pia. Chavua ngeni ikiingia, miaka saba imekwenda. Dhahabu akasema upasuaji ungoje siku kumi.

“Mama Ruth, usinifanyie hivyo,” Kaviha alimwambia. “Nifundishe mimi.”

Alimfundisha kwa siku mbili: kulifunika hindi changa kwa bahasha kabla halijatoa nywele, kuifunga mbelewele, asubuhi kukung'uta chavua ndani ya bahasha na kuimwaga kwenye nywele za mhindi uleule, kisha kufunika tena. Kaviha, ambaye hata mchicha hakuwahi kuupanda, akabaki shambani peke yake, na mkewe akaingia chumba cha upasuaji.

Siku ya tatu upepo ulivuma. Kaviha alikuta bahasha nne zimechanika. Akapiga simu wodini.

“Zimechanika.”

“Ngapi?”

Mhindi wa bahasha ya nne ndio uliokuwa mzuri kuliko yote. Mkewe alikuwa na siku mbili tu tangu apasuliwe, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

“Tatu,” Kaviha alisema.

“Ing'oe yote mitatu, Baba Ruth. Usiihurumie.”

Aliing'oa mitatu. Bahasha ya wa nne aliibandika kwa gundi ya karatasi, asimwambie mtu.

Dhahabu alipona, akarudi kazini. Kati ya mihindi tisa iliyosalia alichagua minne, akawa anapanda uzao wa kila mmoja mstari wake. Kaviha aliutazama mstari wa nne, uzao wa mhindi ule wa bahasha iliyochanika, na kila msimu aliupalilia kama mingine.

Januari mwaka huu ugonjwa ulirudi, ukaingia mapafuni. Mwanzoni mwa Juni, hawezi tena kuinuka, alimtuma mumewe na Ruth wakahesabu. Mistari mitatu ilitoa matawi sita, saba, nane, bila kuyumba. Wa nne ulitoa matatu, kumi na moja, kumi na tisa. Ruth alitaka kurudia hesabu. Baba yake akamzuia.

Aliingia chumbani, akamsomea mkewe namba zote, kisha akamweleza habari za bahasha ya nne.

“Nilijua,” Dhahabu akajibu. “Tangu mstari wa nne ulipochanua mara ya kwanza. Mbegu za mstari ule sijazipeleka kokote.”

“Mbona basi uliupanda miaka yote hii?”

“Nilikuwa nakungoja wewe, Baba Ruth.”

Akamshika mkono, akaomba uji. Mzee Kaviha mwenyewe ndiye aliyetaka habari hii isomwe mbele yenu.

Dhahabu alifariki nyumbani Port Reitz, Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa nne asubuhi, mumewe na bintiye wakiwa kando yake. Mbegu za mistari mitatu ziko kituoni, na majaribio yake yamebakiza misimu miwili.

Ameacha mume, Kaviha Munga. Watoto, Ruth na Brian. Mama mzazi, Bi Dama. Ndugu wanne, na mjukuu mmoja, Rehema, mwenye miezi mitano.

Mungu aliyemuumba ampe mapumziko ya amani, na sisi atupe ujasiri wa kusemezana kweli tungali hai.